Harufu Asiyoisikia Mwenyewe

Huwa hivi. Mfanyakazi anafika ofisini saa mbili asubuhi, anakuta juu ya meza yake bahasha ya kaki isiyo na jina. Anaifungua. Ndani mna kipande cha sabuni na kichupa cha deodoranti. Anainua macho: wenzake watano wameinamia kompyuta zao, na hakuna kidole kinachobonyeza kitufe. Papo hapo anaelewa mambo matatu: kwamba ananuka, kwamba chumba kizima kinajua, na kwamba wenzake walimkalia kikao. Jambo la kwanza lina dawa, pengine ya siku moja. Hayo mawili mengine atahama nayo hadi kazi nyingine.

Bahasha ni njia moja tu. Kuna ofisi ambako mtu akiingia dirisha linafunguliwa. Kwingine kuna kopo la marashi ya kupuliza chumbani linalotolewa kwenye droo kila anapopita. Kuna kundi la WhatsApp la idara ambamo, saa tatu usiku, mtu anatupia picha ya ndoo na dodoki, na wote wanacheka isipokuwa mmoja. Wengi wanaofanya hivyo si watu wabaya. Wanaona haya. Wamekosa maneno, wakatafuta kitu kiwasemee.

Kutafuta kitu kiseme ni tabia ya kwetu kabisa. Mwambao umelelewa kwa mafumbo: kanga husema kile ambacho aliyeivaa hatakitamka, taarabu humsuta jirani bila kumtaja, na mtu mzima aliyefuata deni lake huanza na habari za mvua. Huo ni ufundi, na ni adabu. Lakini fumbo lina sharti lake: anayelengwa awe tayari anajua alichokifanya. Aliyemchukulia mwenzake mume akiiona kanga ile haombi tafsiri. Mwenye harufu ya jasho hayumo katika hali hiyo. Yeye kweli hajui.

Hajui kwa sababu pua ndivyo ilivyo. Mgeni akiingia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, shombo humpiga usoni. Baada ya nusu saa anapatana bei ya changu kana kwamba kazaliwa pale. Shombo haikupungua. Pua na ubongo huacha kushughulika na harufu isiyobadilika ili vibaki macho kwa harufu mpya: moshi, gesi inayovuja, mchuzi uliochacha. Na harufu ambayo mtu yuko nayo saa 24 ni ya mwili wake, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kusahauliwa na pua. Wengine hawasikii hata za wenzao, maana UVIKO-19 uliwapotezea watu wengi uwezo wa kunusa, na si wote waliorudiwa nao sawasawa. Basi ile kauli ya "anajua ila hajali", ambayo ndiyo inayozaa bahasha na vijembe, kwa kawaida si kweli.

Ushauri wa makala haya ni mmoja, na yanayofuata yote ni namna ya kuutekeleza: katika jambo hili fumbo liwekwe kando. Mwenye harufu aambiwe, aambiwe na mtu mmoja, faraghani, kwa maneno yasiyohitaji kufumbuliwa.

Maneno yenyewe yachaguliwe kwa uangalifu, na Kiswahili kinasaidia. Lugha hii ina vitenzi viwili vya tumbo moja: kunuka ni aibu, kunukia ni sifa. Vyote viwili vinamweka mtu mwenyewe mbele; yeye ndiye anayenuka, yeye ndiye anayenukia. "Unanuka" ni hukumu. "Kikwapa" na "beberu" ni matusi ya uwanja wa shule, na mtu mzima akiyasikia hurudi kuwa mtoto wa darasa la sita aliyetengwa kwenye dawati. Harufu ni neno la namna nyingine. Harufu ni kitu: inasikika, inatoka mahali, inaweza kuondoka. Anayesema "nimesikia harufu ya jasho" anazungumzia jasho, na anamwachia mwenzake nafasi ya kusimama upande wake, wote wawili wakiitazama ile harufu.

Kuna pia neno la kuepuka ambalo linaonekana halina hatia: watu. "Watu wanalalamika." "Watu wanasema." Mjumbe hulitumia ili kujikinga, asionekane kwamba malalamiko ni yake. Lakini aliyeambiwa hivyo hatoki pale akiwaza sabuni. Anatoka akiwaza nani. Wiki nzima ataangalia nyuso. Aliyeamua kusema aseme kwa nafsi yake: mimi nimesikia. Na kama wenzake kweli walimlalamikia, asidanganye kwamba hakuna anayejua; akae kimya tu kuhusu hilo.

Utangulizi uwe mfupi. Katika mazingira ya Waswahili, mtu akishikwa mkono, akavutwa pembeni, kisha akaanza kuambiwa "kwanza naomba usikasirike, unajua tumetoka mbali", moyo unaenda mbio: amekufa nani? Nimefukuzwa? Kadiri utangulizi unavyorefuka ndivyo hofu inavyokua, na neno lenyewe likija linakuta mtu ameshatetemeka. Sentensi nne au tano zinatosha. Kati ya wanaume wawili wa rika moja zinaweza kuwa hivi:

"Kaka, nina neno la faragha, dakika mbili tu. Siku hizi tukikaa karibu nasikia harufu ya jasho, hasa mchana. Najua mtu mwenyewe huwa haisikii, ndiyo maana nikaona nikwambie. Ingekuwa ni mimi, ningependa wewe uniambie."

Kisha anyamaze. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimya unawauma, wanaujaza kwa mihadhara: aina za sabuni, jinsi ya kunyoa kwapa, jinsi mama yao alivyowafundisha. Mtu mzima ameshaelewa. Anahitaji nusu dakika ya kuupokea ule mshtuko bila kuhutubiwa.

Jibu linalokuja mara nyingi ni hili: "Mbona mimi naoga mara mbili kwa siku!" Na huenda ni kweli tupu, ndiyo sababu anayesema anapaswa kujua kidogo jasho ni nini kabla ya kufungua mdomo.

Mwili wa binadamu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Nyingi hutoa maji na chumvi za kupoza mwili, na jasho hilo karibu halina harufu. Kwapani na kinenani kuna tezi za aina nyingine ambazo huamka mtu anapobalehe, na jasho lake ni zito, lenye mafuta na protini. Hilo nalo likitoka halinuki. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio hulila na kuacha mabaki yenye salfa, yanayofanana na kitunguu kilichooza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walieleza kimeng'enya ambacho bakteria mmoja wa kwapani, Staphylococcus hominis, hukitumia kufanya kazi hiyo. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuoga vizuri alfajiri na harufu ikatengenezwa upya kabla ya chakula cha mchana.

Nguo nayo ina sehemu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwapa watu 26 fulana wakaendesha baiskeli za mazoezi, kisha wakalinganisha harufu za fulana hizo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, kwa sababu baadhi ya bakteria hustawi zaidi kwenye nyuzi hizo. Sasa mfikirie mlinzi wa geti. Kampuni imempa sare moja ya poliesta, zamu ni saa 12, analala, anarudi. Hata akiifua usiku huenda haitakauka, na msimu wa masika itakauka ndani ya chumba na kupata uvundo wake wenyewe. Huyo hakosi adabu; anakosa sare ya pili. Mwajiri anayesikia malalamiko juu ya harufu ya walinzi au wahudumu wake aanze kwa kuhesabu sare.

Tena kuna hali ya hewa. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huwa imejaa unyevu, na jasho halikauki, linabaki mwilini likiwalisha bakteria. Aliyepanda basi la mwendokasi Kimara saa kumi na mbili amesimama kwapa kwa kwapa na abiria wenzake hadi Kivukoni, amefika kazini kama aliyetoka kulima. Mwenzake aliyekuja na gari lenye kiyoyozi hana haki ya kujilinganisha naye.

Na kuna maji. Oktoba 2022 mamlaka ya maji, DAWASA, ilitangaza mgao Dar es Salaam baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua kwa ukame. Nairobi ilianza mgao wake Januari 2017 kwa upungufu wa maji ya bwawa la Ndakaini, na mitaa mingi imeendelea kuishi kwa ratiba. Katika nyumba ya kupanga ambako dumu la lita 20 linanunuliwa na kugawanywa kwa mama, baba na watoto watatu, kuoga ni hesabu. Anayezungumza na mwenzake hajui hesabu ya nyumba yake ikoje, kwa hiyo asitumie hata mara moja neno "uchafu". Kwa ile kauli ya kuoga mara mbili, jibu zuri ni fupi: "Naamini. Sijasema huogi, nimesema harufu naisikia."

Nani aende? Hili ndilo linaloamua mambo kuliko maneno.

Waswahili walishalifikiria zamani. Msichana alipovunja ungo, mambo ya mwili wake hayakuachiwa mama mzazi, kwa kuwa haya kati yao ilikuwa kubwa mno. Alipewa somo, mwanamke mzima aliyeaminiwa, ambaye alimfundisha kujitunza, kujifukiza udi, kutumia liwa na asumini, na kumwambia bila kupepesa pale alipokosea. Somo alikuwa na ruhusa, alikuwa wa jinsia moja naye, na yaliyosemwa kwake hayakutoka nje. Vigezo hivyo vitatu vinafaa ofisini vilevile. Mwanamke aambiwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Msemaji awe mtu ambaye mwenzake tayari humwambia mambo yake. Na awe mtu asiyebeba maneno. Mwenye cheo kikubwa si lazima awe ndiye anayefaa.

Umri una sheria zake. Kijana wa miaka 25 hawezi kumwamkia mzee shikamoo asubuhi na jioni akamwambia habari za kwapa. Hata akichagua maneno ya dhahabu, mzee atasikia utovu wa adabu tu. Atafutwe mtu wa rika lake, pengine dereva au fundi waliyeanza kazi pamoja, ambaye anaweza kusema "mzee mwenzangu" na kumalizia kwa vicheko vyao. Bosi vivyo hivyo: aliye chini yake asijitwishe mzigo huo peke yake ikiwa yuko mkuu wa idara nyingine ambaye hula naye chakula cha mchana.

Kuna anayetegemea utani. Baina ya makabila yenye utani, na baina ya mabinamu, mambo makali husemwa na hakuna anayekasirika. Lakini utani unapendeza kwa kuwa una watazamaji, na hapa watazamaji ndio sumu. Mtani mwenye busara anaweza kuitumia ile ruhusa yake ya kusema, ila aitumie pembeni, na kwa sauti ya kawaida.

Tangazo la jumla lina nafasi yake, si hii. Waislamu wanalijua katazo, lililomo katika hadithi za Bukhari na Muslim, la aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kuukaribia msikiti. Ni kanuni ya kila mtu, inatolewa kabla ya kosa, na hakuna anayeelekezewa kidole. Kikao cha ofisi kinachoitishwa ghafla kuhusu "usafi wa mwili kwa ujumla", siku mbili baada ya mtu mmoja kunung'unikiwa, hakifanani na hilo. Wasafi wanane wataanza kujinusa, na mlengwa ama hataelewa ama ataelewa mbele ya wote.

Wakati nao una maana. Asubuhi haifai: mtu atavaa shati lilelile hadi saa kumi na moja jioni huku mikono ameibana mbavuni. Afadhali ni jioni, mnapotoka, mkitembea kuelekea kituoni au mkiwa ndani ya gari, ambako macho yanaangalia mbele na hakuna ulazima wa kutazamana. Isiwe kwa ujumbe wa simu. Maandishi hupigwa picha na kusambazwa, sauti iliyorekodiwa nayo husambazwa, na mtu aliye peke yake usiku huusoma mstari mmoja mara 20. Na mwezi wa Ramadhani habari za kinywa cha aliyefunga ziachwe mpaka Mfungo Mosi. Harufu ya saumu ina heshima yake katika dini, na inaisha yenyewe.

Sehemu nzito zaidi ni hii: harufu nyingine haiondoki kwa sabuni.

Mwenye kisukari kilichopanda vibaya anaweza kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, na hiyo ni dharura ya hospitali. Figo zikishindwa, pumzi hupata harufu ya amonia. Kuna watu wachache waliozaliwa na kimeng'enya cha ini kisichoweza kuvunja kemikali iitwayo trimethilamini. Hao hutoa harufu ya samaki kwa jasho, mkojo na pumzi, hata wakioga mara tano, na harufu hiyo huongezeka wakila samaki, mayai, maini au maharage. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta jasho jingi. Harufu ya kinywa, kwa upande wake, kwa wengi hutoka kinywani humohumo: fizi zenye ugonjwa, meno yaliyooza, ulimi usiosuguliwa kwa nyuma. Kwa hiyo daktari wa meno aonwe kabla ya kuanza kulaumu tumbo.

Na kuna fistula. Mwanamke aliyepata uchungu pingamizi kwa saa nyingi bila upasuaji anaweza kubaki na tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo ukawa unatoka wenyewe mchana na usiku. Anaoga kuliko watu wote wa ofisini kwake, anabadilisha vitambaa, anakunywa maji kidogo ili atokwe kidogo, jambo linaloufanya mkojo kuwa mkali zaidi. Wengine huacha kazi bila kueleza sababu. Wengi wao wanaweza kutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwafanyia wanawake hao upasuaji huo bila malipo, na tangu mwaka 2009 imetumia M-Pesa kuwatumia nauli walioko mikoani, kwa sababu ilionekana kwamba nauli yenyewe ilikuwa kizuizi. Mwenzake wa kazini anayesikia harufu ya mkojo asimnunulie manukato. Amkalishe, amwite kwa namna wanavyoitana, shoga au dada au mama fulani, na amwambie: "Nasikia kama kuna shida ya mkojo. Kama ilianza baada ya kujifungua, inatibika, na mimi nitakusindikiza." Maneno hayo yamebeba habari ambayo huenda hakuna aliyewahi kumpa.

Pia kuna mabadiliko ya ghafla. Mtu aliyekuwa hapitwi na pasi, kola imenyooka, viatu vinang'aa, kisha kwa mwezi mmoja anaanza kuja na nguo za jana na nywele zisizochanwa. Huyo asianzwe kwa harufu. Kuacha kujitunza ni mojawapo ya dalili za sonona, na pia ni dalili ya aliyefukuzwa nyumba, aliyefiwa, au anayelala kwenye kochi la rafiki. Aulizwe habari zake kwanza, kwa kweli na kwa nafasi, na mara nyingi habari ya nguo itajitokeza yenyewe kwenye maelezo.

Lipo pia swali ambalo msemaji anatakiwa kujiuliza kabla hajaondoka kwenye kiti: hii ni harufu ya mwili usiotunzwa, au ni harufu nisiyoizoea? Moshi wa kuni kwenye shati, samli, bizari, mafuta ya kondoo, vyote hivyo vimewahi kutumiwa kumdharau mtu kwa kabila lake au kwa ugeni wake. Hata miili inatofautiana kwa kurithi. Jeni iitwayo ABCC11 ina umbo ambalo limeenea sana Asia Mashariki, na wenye umbo hilo kwapa zao hutoa harufu kidogo mno. Msimamizi aliyetoka huko akija kwenye ujenzi wa barabara Afrika Mashariki anaweza kuona wenzake wote wananuka, na wenzake wakashangaa anasikia nini. Hiyo haina uhusiano na ustaarabu.

Kinyume chake pia kinaumiza. Manukato yaliyomwagwa na udi uliofukizwa kwenye nguo hadi chumba kikajaa vinaweza kumwamshia pumu mwenye pumu na kumpasua kichwa mwenye kipandauso. Aliyejitia manukato hivyo naye aambiwe, kwa njia hiyohiyo. Ni rahisi zaidi, kwani hakuna aibu.

Meneja ana la ziada. Jambo hili likimfikia, asilipeleke kwa barua wala asiliweke kwenye faili la mtu; mazungumzo ya kwanza yasiandikwe. Kazi zinazogusa chakula au wagonjwa zina kanuni za usafi ambazo mfanyakazi huzijua tangu anaajiriwa, na huko anaweza kuelezwa kwa kanuni. Kwingine ni ushauri tu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwamo ulemavu na kuwa na VVU, na inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Utani wa kundi la WhatsApp juu ya mwenye maradhi unaweza kuangukia humo. Kenya, ibara ya 28 ya Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu. Lakini meneja mzuri hangoji sheria. Anaangalia kama choo cha wafanyakazi kina maji, kama kuna mahali pa mfanyakazi wa stoo kujimwagia kabla ya kupanda gari, kama sare ni za pamba.

Siku inayofuata mazungumzo ni mtihani mwingine. Wenzake watamuuliza mjumbe kwa macho: umemwambia? Hana haja ya kujibu. Mwenyewe naye asisifiwe mbele ya watu, "leo umependeza, unanukia!", maana sifa hiyo inatangaza kilichokuwapo jana. Asalimiwe kama kawaida, wanywe chai kama kawaida, na mjumbe akae kwenye kiti kilekile cha karibu. Wiki mbili zikipita bila badiliko, arudi mara moja zaidi, safari hii na swali: kuna kinachokwamisha? Ni maji, ni nguo, ni afya? Asirudi mara ya tatu. Hapo limekuwa jambo la daktari au la mwajiri.

Anayeambiwa naye ana la kufanya zaidi ya kuona aibu. Aliyekuja kumwambia pengine hakulala usiku akitafuta maneno, kwa hiyo amshukuru hata kama kifua kinamwaka, na amuulize kitu kimoja: ilianza lini? Daktari atamuuliza hivyohivyo. Nyumbani, kwapa zisuguliwe kwa sabuni na zikaushwe kabisa kabla ya kuvaa. Dawa ya kuzuia jasho hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku kwenye ngozi kavu. Shabu ya madukani ambayo mabibi waliitumia inapunguza bakteria kweli. Ndimu ni hatari, kwa sababu maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa. Shati ligeuzwe, sehemu za kwapa zilowekwe kwenye maji yenye siki kwa nusu saa kabla ya kufuliwa, lianikwe juani likiwa limegeuzwa. Na akitaka kujua mwenyewe kama amefanikiwa, atoke nje kwanza, akae kwenye upepo dakika kumi, kisha aingie na kulinusa shati la jana upande wa kwapa mara moja tu, kabla pua haijazoea tena.